Mungu na mageuko ya viumbe: ugomvi uko wapi hasa?

"Kama binadamu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo?" Swali hili halizeeki. Huulizwa kwenye mahubiri, kwenye mawaidha, na darasani wakati wa kipindi cha baiolojia, na mara nyingi mwulizaji huwa ameshashinda kabla hajajibiwa kwa sababu wasikilizaji wanacheka. Upande wa pili nao hauishi vituko: mtu akisoma makala mbili za sayansi anatangaza kwamba Mungu hana kazi tena. Katikati ya kelele hizo wapo watu wengi waliobaki wakiamini kwamba ni lazima wachague, ama kitabu kitakatifu ama maabara.

Kwa maoni yangu tatizo linaanzia kwenye swali lenyewe. Ukiuliza "je, dini na mageuko vinapatana?" umeuliza maswali kadhaa kwa mpigo. Baadhi yana jibu jepesi. Mengine yamewatoa jasho wanazuoni kwa zaidi ya karne moja, na bado yanawatoa. Wanaobishana hupenda kupigania yale mepesi na kuyaruka yale magumu.

Mageuko ni nini

Mageuko ya viumbe, au evolusheni kama wengine wanavyoita, yana madai mawili. La kwanza ni kwamba viumbe hai hubadilika kizazi baada ya kizazi. La pili ni kwamba viumbe tunaowaona leo wana asili moja ukirudi nyuma vya kutosha. Njia kuu inayoleta mabadiliko hayo ilielezwa hadharani London mwaka 1858, katika maandishi ya wanasayansi wa Uingereza Charles Darwin na Alfred Russel Wallace yaliyosomwa pamoja, na inaitwa uteuzi asilia. Watoto wa kiumbe chochote hawafanani kabisa. Wachache huzaliwa na sifa inayowafaa pale walipo, hao huishi na kuzaa kuliko wenzao, na sifa yao huenea. Hakuna mnyama anayeamua kubadilika, wala hakuna aliyelala akiwa samaki akaamka akiwa mjusi. Kinachobadilika ni kundi zima, polepole.

Usugu wa dawa ni mageuko yanayotokea mbele ya macho yetu. Mgonjwa anapokunywa antibiotiki, mwilini mwake mna mamilioni ya bakteria, na huenda wachache wao tayari wana hitilafu ndogo kwenye jeni, yaani maagizo ya urithi, inayowafanya wasidhurike na dawa hiyo. Dawa inawamaliza wengine, hao wachache wanabaki, wanazaana, na baada ya muda dawa ileile haifanyi kazi. Bakteria hawakujifunza ujanja wowote. Walichujwa tu. Kwa kipimo kikubwa zaidi, tazama samaki aina ya furu wa Ziwa Victoria. Watafiti wanakadiria kwamba ziwa hilo lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo limekuwa na zaidi ya spishi 500 za furu, wengine wala konokono, wengine wala samaki wenzao, wengine wakwangua mwani kwenye mawe.

Wapo wanaosema mabadiliko hayo madogo wanayakubali, lakini undugu wa binadamu na sokwe hapana. Hapa ushahidi mzuri haumo kwenye mifupa. Umo ndani ya seli zetu. Binadamu ana jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba jeni, sokwe ana 24. Kama wana asili moja, jozi moja ilikwenda wapi? Jibu lilipatikana kwenye kromosomu yetu ya pili. Kila kromosomu ina alama maalumu mwishoni, mfuatano wa DNA unaojirudiarudia. Kwenye kromosomu ya pili ya binadamu alama hizo za mwisho ziko pia katikati, zimeelekeana, na mahali pengine juu yake kuna mabaki ya kitovu cha pili (kitovu ni sehemu ambayo kromosomu hushikwa seli inapogawanyika), ilhali kromosomu huwa na kitovu kimoja tu. Maana yake kromosomu mbili za zamani ziliungana zikawa moja, na ukizilinganisha na mbili za sokwe zinalingana. Ushahidi wa namna hii hauna chama. Yeyote mwenye vifaa anaweza kuutazama.

Kwa hiyo jibu la swali la nyani ni fupi: hatukutokana na nyani wanaoishi leo. Sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambao hawakuwa sokwe wala binadamu. Nyani ni ndugu wa mbali zaidi. Wapo kwa sababu nao walifuata njia yao.

Na lile la "hiyo ni nadharia tu"? Kwamba vijidudu huleta magonjwa nayo ni nadharia. Katika sayansi neno hilo hupewa maelezo yaliyojaribiwa kwa njia nyingi yakasimama.

Yale ambayo mageuko hayasemi

Mageuko hayaelezi kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwa na kitu chochote. Hayaelezi hata uhai wa kwanza ulianzaje. Hilo ni suala jingine ambalo wanasayansi bado wanalichimba. Wala hayasemi kama Mungu yupo au hayupo, kwa sababu hakuna kipimo cha maabara cha kupima jambo hilo. Anayesema "sayansi imethibitisha kwamba hakuna Muumba" ameacha sayansi na kuingia kwenye falsafa bila kubadili koti. Ana haki ya falsafa yake, lakini asiiuze kwa jina la baiolojia.

Waumini wenyewe, bila kujua, tayari wanaishi na mfano wa upatanisho. Muulize Mkristo au Mwislamu yeyote: nani alikuumba? Atasema Mungu. Hamaanishi Adamu, anamaanisha yeye mwenyewe. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu kwa kumuunga mtu tumboni mwa mama yake, na Sura ya 23 ya Qur'ani inaeleza hatua za mimba kutoka tone hadi nyama na mifupa, kisha inamsifu Allah kuwa mbora wa waumbaji. Muumini huyohuyo akienda kliniki anaonyeshwa kwenye picha ya utrasaundi jinsi mimba inavyokua, anaelezwa yai na mbegu, seli kugawanyika, moyo kuanza kupiga. Hashiki kichwa na kusema imani yake imebomoka. Hamwambii daktari achague kati ya seli na Mungu. Kwake seli ni namna, Mungu ni chanzo, na maelezo yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Kama Mungu anaweza kuumba mtu mmoja kwa miezi tisa kupitia mchakato tunaoweza kuuchunguza hatua kwa hatua, sioni kwa nini ishindikane kuumba viumbe vyote kwa miaka bilioni tatu na zaidi kupitia mchakato mwingine.

Mfano huu una mpaka wake, nao nitaufikia. Lakini kwa swali la kwanza, yaani kama mtu anaweza kumwamini Mungu Muumba na pia kukubali mageuko, unatosha. Darwin mwenyewe alilijibu katika barua ya mwaka 1879: aliona ni upuuzi kutilia shaka kwamba mtu anaweza kuwa mcha Mungu kwelikweli na pia kukubali mageuko. Aliandika hivyo huku akikiri kwamba yeye binafsi hakuwa na hakika juu ya Mungu.

(Kuna hadithi inayozunguka kwamba Darwin alitubu akiwa kitandani pa mauti na kuikana nadharia yake. Si kweli. Ilichapishwa mwaka 1915, zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake, na binti yake aliikanusha. Nadharia isingebadilika hata kama ingekuwa kweli. Kromosomu hazisikilizi toba.)

Historia yenyewe haifanani na picha tuliyozoea ya kanisa upande huu na sayansi upande ule. Mtetezi mkubwa wa Darwin huko Marekani, Asa Gray wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa Mkristo aliyeshika dini. Sheria za urithi, ambazo bila hizo mageuko yangebaki na tundu kubwa, zilivumbuliwa na mtawa Mkatoliki, Gregor Mendel, aliyekuwa akipanda mbaazi kwenye bustani ya monasteri huko Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliounganisha kazi ya Darwin na ya Mendel katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, na ndiye aliyeandika kwamba hakuna kitu katika baiolojia kinachoeleweka isipokuwa kwa mwanga wa mageuko.

Siku sita

Swali la pili ni la usomaji wa maandiko. Tofauti na la kwanza, hapa jibu linategemea wewe ni nani.

Kama unaamini kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita za saa 24, miaka elfu sita hivi iliyopita, basi hapana, hupatani na mageuko, na hakuna maneno matamu yatakayowapatanisha. Hupatani pia na jiolojia wala na elimu ya nyota, maana dunia ina umri wa takriban miaka bilioni 4.5. Waadventista Wasabato wanashika siku sita halisi katika tamko lao rasmi la imani, nao wana sababu inayoeleweka: Sabato yao imejengwa juu ya juma lile. Wanastahili heshima kwa kusema wazi kwamba hapa pana mgongano. Lakini si kila anayekataa mageuko anasoma hivyo. Mashahidi wa Yehova wanayakataa mageuko, ila wanasema siku za uumbaji zilikuwa vipindi virefu. Hata William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyewashambulia wafuasi wa Darwin katika kesi maarufu ya mwalimu aliyeshtakiwa kwa kufundisha mageuko huko Tennessee, Marekani, mwaka 1925, alipobanwa kwa maswali alikubali kwamba huenda siku zile hazikuwa za saa 24.

Watu hudhani kwamba usomaji usio wa neno kwa neno ni ujanja wa juzi, kwamba waumini walibanwa na sayansi wakaanza kupinda maandiko. Sivyo. Katika karne ya 3, Origen, mwanateolojia wa Kikristo, aliuliza ni mtu gani mwenye akili atakayedhani kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na jioni na asubuhi pasipo jua, ilhali katika Mwanzo jua linawekwa siku ya nne. Karne moja na zaidi baadaye Askofu Augustino wa Hippo alishikilia kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, vingine vikiwa kama mbegu za kuchipua kwa wakati wake. Ndiye pia aliyewaonya Wakristo wasiseme upuuzi kuhusu nyota na wanyama kwa jina la Biblia, kwa sababu msikilizaji anayeyajua mambo hayo hatawaamini watakapomwambia habari za ufufuo. Soma pia sura mbili za kwanza za Mwanzo kwa makini: katika ya kwanza wanyama wanatangulia mtu, katika ya pili mtu anatangulia. Aliyeziweka sura hizo pamoja bila shaka aliliona hilo na halikumsumbua.

Kwa Waislamu siku sita hazikuwa tatizo kubwa hivyo. Qur'ani yenyewe inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu katika hesabu ya watu, na mahali pengine inataja siku yenye kipimo cha miaka elfu hamsini. Kuna wanaopenda kumtaja mwanahistoria Mwislamu Ibn Khaldun, aliyeandika mwaka 1377 kuhusu ngazi za viumbe kutoka madini hadi mimea, wanyama, kima, kisha binadamu. Tusimvishe kanzu isiyo yake: wasomi wengi wanasema alikuwa anaeleza mpangilio wa daraja za viumbe, si mageuko ya Darwin. Wa kumtaja zaidi ni Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli, Lebanon, aliyeandika mwaka 1888. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia ile haijathibitishwa, lakini ikithibitishwa kwa hoja ya yakini, nassi, yaani matini ya maandiko, zinaweza kufasiriwa kulingana nayo, na Mungu atabaki kuwa Muumba. Hakukubali, wala hakupiga marufuku.

Adamu

Hapa ndipo penye ugumu wenyewe, na hapa ndipo ule mfano wa mimba unapofika mpaka wake. Kiumbe fulani kubadilika kuwa kiumbe kingine kwa mamilioni ya miaka, waumini wengi wanaweza kulimeza. Lakini Adamu ni mtu mwenye jina. Paulo katika Warumi sura ya 5 anajenga hoja nzima ya wokovu juu yake: dhambi iliingia kwa mtu mmoja, neema ikaja kwa mtu mmoja. Qur'ani katika Sura ya 3 inamlinganisha Isa na Adamu, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "kuwa". Ukimwondoa Adamu, kuna kuta zitakazotikisika.

Jenetiki nayo ina neno lake. Utofauti wa jeni tulio nao leo hauwezi kuwa umetoka kwa watu wawili peke yao katika miaka laki mbili tatu iliyopita, umri unaokaribia wa spishi yetu. Wakati wote huo mababu zetu walikuwa maelfu.

Kanisa Katoliki limekwenda kwa tahadhari. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu kutoka kwa viumbe hai waliotangulia, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na akaonya dhidi ya wazo la kwamba wazazi wa kwanza walikuwa wengi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikwenda mbele zaidi, akisema mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Suala la wingi wa wazazi wa kwanza halikupata tamko jipya, na wanateolojia wanaendelea kulijadili.

Baadhi ya Waislamu waliosoma baiolojia huchukua njia nyingine: wanakubali mageuko ya viumbe vyote, ila Adamu aliumbwa peke yake, muujiza kama kuzaliwa kwa Isa bila baba. Ni msimamo unaoeleweka kwa anayeamini miujiza. Ugumu wake ni ile kromosomu ya pili: kwa nini kiumbe kilichoumbwa peke yake kibebe kovu la historia ambayo hakupitia?

Njia ya tatu inatumia hesabu ya ukoo, nayo inashangaza. Kuwa babu wa mtu si lazima umrithishe jeni. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu, na baadhi ya watu hao hukurithi hata kipande cha DNA yao, ingawa bila wao usingekuwapo. Sasa chukulia kwamba Mungu alimuumba au alimteua Adamu, na kwamba kulikuwa na watu wengine nje ya bustani. Wazao wa Adamu wakioana na hao wengine, baada ya miaka elfu kadhaa kila mtu duniani anaweza kuwa mzao wake, na jenetiki isione chochote cha ajabu. Sayansi haiwezi kulithibitisha hilo wala kulikanusha. Wale watu wengine ndio wangejibu pia swali la zamani: Kaini alimwogopa nani, alioa nani, na mji aliojenga ulikuwa wa nani? Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu wanasema juu ya watu kama hao nassi imenyamaza, nasi tunyamaze. Nakiri njia hii ina harufu ya wakili aliyebobea. Lakini wakili mzuri si mwongo.

Wengine humsoma Adamu kama mwakilishi wa wanadamu wote. Njia hiyo ni rahisi kwa jenetiki na ghali kwa teolojia, hasa kwa anayemchukulia Paulo kwa uzito.

Bahati, na mateso

Kuhusu bahati sitakaa sana. Mabadiliko ya jeni hutokea bila kuangalia kiumbe anahitaji nini. Hiyo ndiyo maana ya "bahati" hapa. Haimaanishi kwamba hayana sababu, wala kwamba Mungu hajui. Muumini anayesema riziki na mauti viko mikononi mwa Mungu, ingawa ajali hutokea, ameshalijibu hilo siku nyingi.

Mateso ni jambo jingine. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye nguvu zote aliwaumba kwa makusudi wale nyigu ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai kutoka ndani. Miaka tisa kabla ya barua hiyo alikuwa amefiwa na binti yake Annie, mwenye umri wa miaka 10. Uteuzi asilia unafanya kazi kwa vifo: wengi hufa ili wachache waendelee, kwa mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya binadamu yeyote kutenda dhambi. Kwa Mkristo aliyefundishwa kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya Adamu, hapa panauma kuliko kromosomu zote. Kwa Mwislamu, ambaye hafundishwi dhambi ya asili, swali linabaki la hekima ya Mungu tu, na hata hilo si dogo.

Lakini kifo cha wanyama kabla ya dhambi si wazo lililoletwa na Darwin. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, aliwakatalia waliosema kwamba simba na mwewe walikuwa wapole kabla ya Adamu kuanguka. Dhambi ya mtu, alisema, haikubadili asili ya wanyama. Aliyeumbwa kula nyama alikula nyama tangu mwanzo. Yeye hakuona hapo shtaka lolote dhidi ya Mungu. Kifo cha binadamu alikiweka mbali: hicho kilitokana na dhambi, kwa kuwa Adamu alikuwa amepewa zawadi ya kutokufa ambayo haikuwa ya asili yake, naye akaipoteza. Mkatoliki anayekubali mageuko leo anaweza kusimama palepale. Atakayembana hatatumia visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale. Atamuuliza kama Mungu mwema angechagua njia ndefu na yenye damu kiasi hicho, na hilo Ayubu aliliuliza bila kujua lolote kuhusu jeni.